Je, Ukabila Uko Ndani ya Damu? Biolojia, Sosiolojia na Swali la Kijana wa Kisangani



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya vijana, kijana mmoja wa kanisa letu alibaki nyuma akangoja wenzake watoke. Anasoma mwaka wa pili wa sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Tulipobaki wawili akasema: “Pasta, rafiki yangu anayesoma biolojia anasema mwanadamu ameumbika kupenda damu yake na kuogopa damu ya mwingine, na kwamba ndiyo sababu watu walichinjana kule Lubunga. Darasani kwetu tunafundishwa kwamba kabila ni kitu kilichotengenezwa na watu. Wewe nawe unatufundisha kwamba sisi sote ni mfano wa Mungu. Sasa nimwamini nani?”

Nilijua swali lake halikutoka vitabuni tu. Baba yake ni Mbole, mama yake ni Lengola. Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2023, watu wa makabila hayo mawili walipoanza kupigana upande wa kushoto wa mto, nyumbani kwao zimekuwako siku ambazo chakula kinaliwa kimya.

Nilimwomba anipe muda. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya shule ya teolojia, nikazungumza na waumini wawili wanaofundisha chuo kikuu, kisha nikamwandikia jibu. Ninalileta hapa kwa ninyi nyote, kwa maana najua swali kama hili linaulizwa pia Bunia, Beni, Goma na Uvira.

Sayansi mbili zinazomtazama mtu mmoja

Tuanze kwa kuelewa maneno. Biolojia ya mageuzi ni elimu inayochunguza jinsi viumbe vinavyobadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa muda mrefu sana. Msingi wake uliwekwa na Mwingereza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859. Mwaka 1871 aliandika kingine juu ya mwanadamu, akasema mambo mawili yanayotuhusu: kwamba watu wa rangi zote ni wa shina moja, na kwamba yaelekea shina hilo lilianzia Afrika.

Sosiolojia ni elimu ya maisha ya watu wakiwa pamoja: familia, kazi, mji, dini, sheria, kabila. Jina lake lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte karibu na mwaka 1839. Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, aliiwekea kanuni zake mwaka 1895. Alifundisha kwamba jambo la jamii lielezwe kwa jambo lingine la jamii, si kwa mwili au tabia ya mtu mmoja mmoja. Ukitaka kujua kwa nini watu wa mtaa fulani wanaoa wakiwa na umri mkubwa, usipime vichwa vyao. Uliza juu ya mahari, kazi na nyumba.

Kwa hiyo moja inauliza: mwili wetu na moyo wetu vimerithi nini? Nyingine inauliza: sisi wenyewe tumejenga nini, na kilichojengwa kinatuongoza namna gani? Ugomvi unaanza pale moja inapotaka kujibu swali la mwenzake.

Mgeni aliyekuja Kisangani wakati wa vita

Mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne iliyopita alifika katika mji wetu, na wengi wetu hatukujua. Jina lake ni William Hamilton, mwalimu wa Oxford, Uingereza. Alikuja mwanzoni mwa mwaka 2000, wakati majeshi ya kigeni yalikuwa ndani ya mji. Alitaka kuchunguza sokwe wa misitu yetu kwa sababu ya dhana moja iliyosema kwamba ugonjwa wa SIDA ulitokana na chanjo ya polio iliyojaribiwa katika nchi yetu miaka ya 1950. Alirudi kwao mgonjwa, akafariki London tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka huohuo. Mwaka 2004 wanasayansi, wakiwemo waliokuja naye, walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa karibu na Kisangani ni vya ukoo tofauti na vile vilivyoleta SIDA duniani. Yaani ushahidi wa msituni kwetu uliipinga dhana ile ambayo Hamilton mwenyewe aliona inastahili kuchunguzwa. Hapo kuna somo kwetu: elimu ya kweli inakubali kusahihishwa.

Lakini Hamilton alijulikana zaidi kwa jambo lingine. Mwaka 1964 alichapisha hesabu iliyobadilisha namna ya kuyatazama maisha ya pamoja ya viumbe. Swali lake lilikuwa hili: kama kila kiumbe kinapigania uhai wake, kwa nini siafu mfanyakazi anakufa akilinda kundi, na yeye mwenyewe hazai?

Jibu lake ni kwamba ndugu wanashiriki urithi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanashiriki, kwa wastani, nusu. Mjomba na mpwa wanashiriki robo. Binamu wa kwanza, sehemu moja ya nane. Ukichukua faida anayopata ndugu yako, ukaipunguza kwa kadiri ya undugu wenu, na bado ikazidi gharama unayolipa wewe, basi tabia ya kusaidia ndugu inaweza kuenea vizazi kwa vizazi. Siafu hafanyi hesabu hiyo kichwani, wala mjomba anayelipa minervali ya mpwa wake hakai na kalamu kupiga robo. Hamilton alitaka tu kueleza kwa nini moyo wa kusaidia ndugu unaonekana kwa viumbe wengi.

Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers aliongeza kwamba hata wasio ndugu wanaweza kuzoea kusaidiana, ikiwa wanakutana mara kwa mara na kila mmoja anakumbuka wema aliotendewa. Mama zetu wa soko kuu hawahitaji kufundishwa hilo. Wanaliita likelemba: leo tunakupa wewe, wiki ijayo fulani, na anayekula zamu yake akatoroka harudi tena katika kundi.

Mwaka 1975 Edward Wilson wa Harvard alikusanya mawazo ya namna hii katika kitabu kikubwa, na sura ya mwisho akaielekeza kwa mwanadamu. Hapo moto ukawaka. Walimu wenzake wa Harvard, Richard Lewontin na Stephen Jay Gould, walimpinga hadharani, wakihofu kwamba watu watasema dhuluma zilizoko ni za asili na haziwezi kuondolewa. Mabishano hayo hayajakwisha hata leo.

Mtoto wa Lubumbashi aliyeunganisha damu na kabila

Rafiki wa kijana wetu hakulitunga wazo lake peke yake. Mwaka 1981 mwanasosiolojia Pierre van den Berghe, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1933 wakati mji ule ukiitwa Élisabethville, akafundisha miaka mingi Marekani, alitoa kitabu kinachosema kwamba kabila ni kama familia iliyopanuka. Kwa hiyo, alisema, upendeleo kwa watu wa kabila unakua kutoka mzizi uleule wa upendeleo kwa ndugu.

Tusiharakishe kumcheka. Sikilizeni jinsi watu wanavyohamasishwa kwenda kupigana. Hakuna anayesema, “Twendeni tukapiganie mpaka wa hekta kadhaa.” Wanasema: “Ndugu zetu wameuawa. Damu yetu inalia.” Lugha ya vita ni lugha ya nyumbani, na inafanya kazi kwa sababu moyo wa mtu kwa nyumba yake ni wa kweli.

Hata hivyo, chukueni hesabu ya Hamilton mwende nayo mbele. Ndugu ni nusu. Binamu wa kwanza ni sehemu moja ya nane. Binamu wa pili ni sehemu moja ya thelathini na mbili. Wa tatu ni moja ya mia moja ishirini na nane. Hatua chache tu na undugu wa mwili umekuwa kama tone la maji katika mto. Mtu wa kabila langu anayeishi kilomita mia kutoka kwetu, ambaye sijawahi kumwona, undugu wetu wa damu karibu hauhesabiki. Kama ninamwita ndugu na niko tayari kufa naye, kuna kitu kingine kilichonifundisha hivyo: lugha, hadithi za wazee, wimbo, kadi ya chama, hofu ya pamoja.

Sasa mtazameni kijana wetu. Mjomba wake ni Lengola. Baba yake mdogo ni Mbole. Kwa hesabu ya Hamilton, kila mmoja wao ni robo yake, sawasawa kabisa. Damu haina neno la kumwambia asimame upande gani. Anayemwambia “wewe ni wa kwetu, wale ni maadui” anatumia kanuni ya kuhesabu ukoo kwa baba, ambayo ni desturi ya watu. Na kumbukeni kwamba Mbole na Lengola wameoana kwa muda mrefu. Watoto kama yeye ni wengi. Kama damu ndiyo ingeongoza, huko Lubunga ingekuwa sababu ya kutopigana.

Ng'ambo mbili za mto mmoja

Labda mtu atasema: “Lakini Pasta, wanyama wa karibu nasi wanapigana. Si ni ushahidi kwamba vita ni vya asili?” Jibu la swali hili liko karibu na mlango wetu.

Upande wa kulia wa mto wa Kongo wanaishi sokwe. Upande wa kushoto, na katika nchi yetu peke yake duniani, wanaishi bonobo. Hapa Tshopo baadhi yao wako katika Hifadhi ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016 na ambayo imeingia pia Maniema. Wanasayansi wanakadiria kwamba aina hizi mbili zilitengana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita, na wengi wanauona mto kuwa ndio uliozitenga. Kwa kipimo cha urithi, zote mbili ziko karibu sawa na sisi.

Tabia zao ni tofauti. Huko Gombe, Tanzania, kati ya 1974 na 1978, Jane Goodall na wenzake waliona madume wa kundi moja la sokwe wakiwawinda na kuwaua jirani zao mmoja mmoja, hata kundi lile dogo likatoweka. Na waliouawa walikuwa zamani wa kundi lilelile. Walikuwa wamejitenga tu. Bonobo nao, waliochunguzwa na Wajapani kule Wamba tangu miaka ya 1970, mara nyingi makundi yao yanapokutana yanakaa pamoja bila kuuana, na majike wana nguvu kubwa katika kundi.

Basi anayesema “asili inatufundisha vita” aulizwe: unasema asili ya ng'ambo gani? Biolojia ikisomwa vizuri haitupi amri ya kuua. Inatuonyesha kwamba ndani yetu kuna uwezo wa mengi, wa kuuma na wa kukumbatia. Ni hali gani inaamsha huu na kulaza ule? Hapo biolojia inahitaji msaada wa jirani yake.

Sayansi ilipogeuzwa kuwa ngazi

Kabla ya kwenda huko, tukiri dhambi moja ambayo hata watu wa kanisa waliishiriki. Mwingereza Herbert Spencer ndiye aliyetunga, mwaka 1864, usemi unaomaanisha kwamba anayefaa zaidi ndiye anayebaki. Wengi walioupokea wakayatazama mataifa kama ngazi: Mzungu juu, sisi chini, na watu wa msituni chini kabisa. Darwin alikuwa ameonyesha mti wenye matawi kutoka shina moja. Wao wakaufanya ngazi.

Mwaka 1904 Samuel Verner, Mmarekani aliyewahi kuwa mmisionari wa Kipresbiteri huko Kasai, alimpeleka Marekani kijana mmoja wa Kongo, mtu wa msituni aitwaye Ota Benga, aonyeshwe katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Mwezi wa tisa mwaka 1906 Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na maelfu ya watu walikuja kumtazama. Waliofanya hivyo walidhani wanaonyesha elimu.

Waliosimama kupinga walikuwa wachungaji Weusi wa Kibaptisti wa mji ule, wakiongozwa na James Gordon, msimamizi wa nyumba ya yatima. Walisema kwamba mtu ni mtu, ana nafsi. Ota Benga alitolewa, akalelewa kwa muda katika nyumba ile ya yatima, kisha akaishi Lynchburg, Virginia. Hakurudi nyumbani tena. Mwaka 1916 alijiua kwa risasi. Shirika linaloendesha bustani ile liliomba radhi mwaka 2020.

Ninasimulia hili kwa sababu linatuhusu mara mbili. Aliyemsafirisha alikuwa ametumwa zamani na kanisa. Waliomtetea nao walikuwa watu wa kanisa. Hawakuwa na maabara, lakini waliona kile ambacho wakuu wa bustani, na elimu yao yote, walishindwa kuona.

Barabara moja ya Stanleyville

Hapa kwetu ngazi ile iliingia hata katika sheria. Wabelgiji walimwita Mkongo aliyesoma “evoluwe”, neno la Kifaransa lenye maana ya mtu aliyekwisha kubadilika na kupanda. Wazee wetu wanalikumbuka. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za raia, na mwaka 1952 hati nyingine ya juu zaidi. Ili kuipata, wakaguzi walichunguza mpaka nyumbani kwa mtu: anakulaje, analalaje, anaishi namna gani na mke wake. Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta hapa Stanleyville, aliipata mwaka 1954, baada ya kukataliwa kwanza.

Katika miaka hiyohiyo, 1952 na 1953, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Afrika walikuja kuuchunguza mji wetu kwa ajili ya UNESCO. Mmoja wao, Pierre Clément, alifahamiana na Lumumba na baadaye akaandika juu yake. Mwingine, Valdo Pons, alichagua barabara moja ya mtaa wa Waafrika akaishi karibu na watu wake: nani anamsalimia nani, nani anakopesha chumvi, nani anamzika mwenzake. Kitabu chake juu ya Stanleyville kilitoka mwaka 1969.

Pons hakupima vichwa wala damu. Alitazama majirani wa makabila mengi waliokutanishwa na mji, akaona jinsi wanavyojenga uhusiano mpya. Kabila lilikuwapo na lilikuwa na maana, lakini halikuwa kila kitu. Kazi, uani wa pamoja, umri, kusoma, chama, kanisa, vyote viliamua nani ni mtu wa karibu. Mtu aliweza kuwa wa kabila fulani asubuhi kwenye kilio cha mwenyeji wake, na mchana akawa fundi kati ya mafundi wenzake.

Ndilo jambo ambalo sosiolojia inatuonyesha: mipaka kati ya “sisi” na “wao” inasogea. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia nchini kwetu mwaka 1998 yakiwa marafiki. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000 yalipigana yenyewe kwa yenyewe hapa Kisangani, na mamia ya raia wetu wakafa katikati ya mabomu. Je, damu ya askari wale ilibadilika katika miaka miwili? Hapana. Kilichobadilika kilikuwa maslahi: nani atautawala mji na njia ya almasi.

Turudi Lubunga

Sasa tunaweza kuutazama msiba wetu bila kuficha macho. Mwaka 2023 vita kati ya Mbole na Lengola vilianza juu ya ardhi: eneo ambalo kampuni moja ya kilimo ilipewa, na swali la nani mwenye haki ya kulitoa. Mamia ya watu waliuawa, makumi ya maelfu wakakimbia, na vijiji vikachomwa. Wengi walivuka mto kuja kwetu na godoro kichwani.

Biolojia inaweza kutueleza kwa nini hofu inaenea upesi mtu akisikia kwamba nyumba ya dada yake imechomwa. Haiwezi kutueleza kwa nini hofu ile ilianza mwaka 2023 na si mwaka 2003, wala kwa nini palepale na si kijiji kingine chenye makabila yaleyale mawili. Kwa hayo tunapaswa kuuliza maswali ya sosiolojia: hati za ardhi zinatolewa na nani? Shefu wa kijiji anasikilizwa wapi? Vijana wasio na kazi wanasikiliza sauti gani? Uvumi ulipita njia gani kabla ya ukweli kuvaa viatu?

Ndiyo maana sentensi ya “iko ndani ya damu yao” ni ya hatari. Inawapumzisha wenye wajibu. Kama ni damu, hakuna wa kuulizwa juu ya hati, hakuna wa kushtakiwa kwa mauaji, hakuna cha kurekebisha. Na yeye mwenye kuisema anakuwa amemhukumu hata mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wanabiolojia wenyewe wanaikataa sentensi hiyo. Mwaka 1972 Lewontin alipima tofauti za urithi kati ya watu wa dunia, akakuta kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti zote zinapatikana ndani ya kundi lilelile la watu, si kati ya kundi na kundi. Kwa maneno ya nyumbani: mimi na jirani yangu wa kabila langu tunaweza kutofautiana kwa urithi karibu sawa na mimi na mtu wa mbali.

Mkristo asimame wapi?

Kuna ndugu kati yetu wanaokataa elimu ya mageuzi kwa sababu ya jinsi wanavyosoma Mwanzo. Wako wengine wanaoona kwamba Mungu aliweza kuumba kwa njia ndefu. Francis Collins, aliyeongoza kazi ya kusoma urithi wote wa mwanadamu iliyokamilishwa mwaka 2003, ni Mkristo anayeungama imani yake wazi. Sitamaliza mabishano hayo hapa, wala makusanyiko yetu yasivunjike kwa ajili yake. Tukumbuke tu kwamba chuo kikuu cha mji wetu kilianzishwa mwaka 1963 na Waprotestanti. Wazee wale hawakuogopa mtoto wa kanisa aingie maabara.

Tunapokutana sote ni hapa. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja (Matendo 17:26). Darwin, kwa njia yake, alisema shina ni moja. Vipimo vya leo vinasema vivyo hivyo.

Lakini Biblia inajua pia kwamba umoja wa damu hautoshi kutuokoa. Kaini na Abeli walikuwa wa tumbo moja, undugu wa nusu kwa hesabu ya Hamilton, na bado shamba lilinywa damu. Wayahudi na Wasamaria walikuwa jamaa wa karibu waliogombana juu ya mahali pa ibada. Mwanasheria alipomwuliza Yesu jirani yake ni nani, alitaka apewe orodha yenye mpaka. Yesu alimsimulia juu ya mtu aliyevuka mpaka akatumia mafuta yake, punda wake na fedha zake kwa mgeni ambaye huenda asingemlipa kamwe. Hesabu ya undugu haifiki pale. Hesabu ya likelemba nayo haifiki.

Mwaka ule wa 2023 niliona jambo katika uwanja wa kanisa letu. Mama mmoja wa Lengola, mjane, alipika sombe akawagawia watoto waliokimbia, bila kuuliza ni wa nani. Mmoja akamwambia jina la baba yake, na lilikuwa jina la Mbole. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwongezea. Sijui alichowaza katika kimya kile. Ninajua tu kwamba sahani ilirudi imejaa.

Nilipomaliza, kijana wetu aliniuliza tena: “Basi Pasta, nimwamini nani?” Nilimwambia: Mwamini mwenzako wa biolojia anapokuambia kwamba moyo wa kupenda wa nyumbani ni wa kweli na wa zamani sana. Waamini walimu wako wanapokuambia kwamba ukuta kati ya Mbole na Lengola ulijengwa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuubomoa. Na uliposikia kwamba wewe ni mfano wa Mungu, ulisikia kwa nini inafaa kuubomoa hata kwa gharama. Kisha nikamwomba jambo moja: akamtembelee mjomba wake, na baba yake mdogo, katika wiki ileile. Alikwenda kwa wote wawili. Kwa mmoja alikula. Kwa mwingine hakukaribishwa ndani, wakaongea mlangoni. Anasema atarudi.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni maneno gani tunayotumia yanayofanya kabila lionekane kama ugonjwa wa damu?

2. Taja ugomvi mmoja wa karibu. Ardhi, kazi, fedha na uvumi vimeingia wapi?

3. Ni familia zipi za kusanyiko letu zilizochanganya makabila, na tunawasikiliza tunapotafuta amani?

Bwana awabariki na kuwalinda.